Wembe wa Kuchanjia Mikate

Mjomba wangu alikuwa mwokaji mikate. Nalisema hilo kwanza, kabla sijasema kwamba alikuwa mgonjwa, kwa sababu mtaani kwetu watu huanza na la pili na wakishafika hapo hawaendi mbele. Ukiwauliza habari zake watakujibu, "Ah, yule mwenye kichaa?" huku mdomoni wanatafuna mkate wake.

Tanuri letu liko nyuma ya nyumba, katika chumba kirefu chenye kuta nyeusi kwa moshi. Kuna meza ya mbao iliyobonyea katikati kwa miaka ya kukandiwa unga, kuna rafu za trei, na kuna dirisha dogo linalotazama barabarani. Babu ndiye aliyelijenga. Alipofariki alimwachia Mama kwa kuwa ndiye mtoto mkubwa, na alimwachia Mjomba kwa kuwa ndiye aliyeijua kazi. Mimi nauza dirishani. Nina ulimi mkali, siwezi kukataa, na mteja anayebonyezabonyeza mikate yote ndipo achukue mmoja huambiwa yake palepale.

Kwa asiyejua, mkate ukishaumuka lazima uchanjwe juu kabla ya kuingia motoni. Usipochanjwa, mvuke wa ndani hujitafutia njia, ukaupasua ubavuni, na mkate ukatoka umekunja uso kama mtu aliyelala vibaya. Mjomba alichanja kwa wembe uliobanwa kwenye kijiti alichokipasua ncha mwenyewe. Alitia chale tatu za mshazari kwa kila mkate, mkono ukipita juu ya trei kana kwamba anafukuza inzi. Hata hakutazama. Kwa ajili ya chale hizo mtaa ulimwita Bwana Tatu, na watoto waliotumwa walionywa wasirudi na mkate wa mtu mwingine.

Ugonjwa ulimjia kimyakimya. Kwanza aliacha kulala. Kisha akaacha kula ukoko wa mkate wa kwanza, yeye aliyekuwa akiutafuna kila siku ili ajue tanuri limeamkaje. Kisha akaanza kuinama juu ya trei, sikio karibu kabisa na unga ulioumuka, akisikiliza. Nikadhani ni utani wake.

"Mjomba, wanakwambia nini hao?" nilimuuliza.

"Humu ndani kuna watu," akasema. "Wanakosa hewa."

Siku maji yalipozidi unga, aliikatakata mikate yote kwenye trei, akilia na kuwaita hao watu watoke. Mama aliingia mbio akamshika mkono ili amnyang'anye wembe. Mjomba hakumkusudia. Mama mwenyewe anasema hakumkusudia. Lakini wembe ulipita katika kiganja cha kulia cha Mama, kutoka chini ya kidole gumba hadi upande wa pili, na mpaka leo mkono ule haufungi ngumi.

Akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, ile iliyo nje ya mji ambayo watu wakiipita hushusha sauti. Dawa ziliwafukuza wale watu wa ndani ya mikate, lakini zilichukua na vingine. Mikono yake ilitetemeka. Alitembea akiburuta miguu. Ukimwuliza jambo, jibu lilichelewa mpaka ukasahau ulichouliza. Nilipomwona hivyo mara ya kwanza nilitoka nje nikalia, halafu nikarudi nikamwambia amependeza.

Hospitalini kulikuwa na chumba kikubwa walichokiita karakana. Upande mmoja palikuwa na vyerehani, upande wa pili meza za useremala, na mwisho kabisa jiko lenye tanuri dogo la gesi. Aliyepasimamia alikuwa mtaalamu wa tiba kwa kazi, bwana mmoja mrefu aliyevaa viatu bila kufunga kamba. Yeye hakutoa vidonge. Alimpa mgonjwa shughuli aliyoiweza, akamwongezea kidogo kidogo, mpaka mikono na akili vizoee tena kwenda pamoja.

Wagonjwa walimwita Bwana Rudisha. Ukutani kwake palikuwa na ubao mpana uliochorwa kwa rangi nyekundu umbo la kila kifaa kinachokata au kuchoma: mikasi, patasi, bisibisi, visu. Kila kifaa kilining'inia kwenye msumari juu ya umbo lake. Kazi ilipokwisha, yule bwana alisimama mlangoni akasema, "Rudisha!" na hakuna aliyetoka, awe mgonjwa awe muuguzi, mpaka kila umbo liwe limefunikwa. Ukikuta umbo jekundu liko wazi, ujue kuna mtu bado ana kazi mkononi.

Mjomba alianza kwa kuosha trei. Basi, kuosha na kupanga. Baadaye akapewa kuchekecha unga, kisha kuukanda, kisha kukata madonge na kuyaviringa. Siku ambazo mikono ilitetemeka sana alirudishwa kwenye kuosha trei, na hakuona haya, maana pale hakuna aliyecheka. Muuguzi mmoja aliniambia kwamba siku Mjomba alipokanda unga kwa mara ya kwanza, aliunusa mkono wake mpaka wakati wa kulala.

Ulipofika wakati wa kumpa wembe, tuliitwa tukaone. Bwana Rudisha alikuwa amechora umbo jipya ubaoni, kijiti chenye wembe nchani. Mama alisimama karibu na mlango, mkono wake mbovu ameuficha ndani ya mtandio. Mjomba alikitoa kijiti ubaoni, akaenda kwenye trei, akavuta pumzi. Chale tatu. Chale tatu. Chale tatu. Ule mkono uliokuwa ukitetemesha kikombe cha chai ulitulia tuli. Alipomaliza alifuta wembe, akaurudisha kwenye msumari wake bila kuambiwa, akatugeukia. Alikuwa anatabasamu, na meno yake sikuwa nimeyaona muda mrefu.

"Mama, umeona?" Bwana Rudisha akamwambia. "Dawa asiache hata siku moja. Lakini dawa peke yake zitamweka kitini tu. Akirudi nyumbani mpeni kazi. Kazi nzima, si nusu."

"Atapewa," Mama akasema.

"Na wembe?"

Mama aliusukuma mkono wake ndani zaidi ya mtandio. "Na wembe."

Tukamleta nyumbani. Mama alimfulia mashuka, akampikia anavyovipenda, akamwekea kiti kivulini. "Pumzika, mdogo wangu," alimwambia kila alipopita. Mjomba alipumzika siku ya kwanza kwa adabu tu. Siku ya pili nilimkuta tanurini amekunja mikono ya shati, anagomba na unga aliouacha kibarua tuliyemweka mahali pake, ambaye mikate yake ungeweza kujengea ukuta.

Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuchukua kipande cha mkaa na kuchora ukutani, kando ya mlango wa tanuri, umbo la kijiti chenye wembe. Juu yake akagongomea msumari. Kisha akamwita Mama.

"Dada, njoo uone. Wembe utakaa hapa. Kazi ikiisha unarudi hapahapa, na wewe ndiye utakayesema rudisha."

Mama aliutazama ule msumari. Wembe wakati huo ulikuwa ndani ya kisanduku cha chuma chumbani kwake, na ufunguo wake aliuvaa shingoni kwa uzi, chini ya gauni.

"Nimeona," akasema. "Kesho."

Basi ikawa kesho, na kesho yake, na kesho nyingine. Mjomba alichekecha, alikanda, aliviringa, alipanga. Mikate ilipokuwa tayari kwa moto alienda mlangoni akaita, "Dada, tayari." Mama alikuja na kisanduku, akakifungua, akachanja yeye mwenyewe kwa mkono ule usiokunjika, chale zimepinda huku na huku, huku Mjomba amesimama pembeni ameweka mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa vyombo. Akimaliza, anafunga kisanduku na kwenda zake. Hawakugombana hata mara moja. Ningefurahi kama wangegombana.

Dirishani nako nilipata kazi ya ziada.

"Huu kaukanda nani?" mama mmoja aliniuliza, akiugeuza mkate kama anatafuta mdudu.

"Kaukanda mwenye mikono. Unanunua au unahoji?"

"Nauliza tu. Mbona chale zenyewe siku hizi zimekaa hivi?"

Nikamwita mteja wa nyuma yake. Mjomba alikuwa nyuma yangu na alisikia.

Sasa wembe ni kitu gani? Duka la jirani wanauza pamoja na kiberiti. Siku moja nilimwambia Mjomba, kwa sauti ya chini, kwamba nitamnunulia mmoja, tutengeneze kijiti, Mama asijue.

"Hapana, mpwa wangu," akasema. "Wembe wa kuficha ni wa mgonjwa. Nataka nipewe."

Nilikuwa na hasira na Mama siku zile. Lakini nilimwona pia akishindwa kufunga vifungo vya gauni lake, akishindwa kukamua nguo, akiomba afunguliwe chupa. Usiku alilala amefumbata mkono ule kwapani. Nikimtazama, hasira yangu ilikosa pa kukaa.

Ikaja alasiri moja ya mvua na baridi. Baridi ikizidi, kiganja cha Mama hukakamaa kabisa. Mjomba aliita, "Dada, tayari," Mama akaja na kisanduku, akahangaika na ufunguo, akautoa wembe, ukamdondoka. Akauokota, ukamdondoka tena. Kwenye rafu mikate ilikuwa imejaa, imefika ukingoni kabisa. Mkate ukifika hapo hausubiri mtu.

"Dada," Mjomba akasema taratibu, "nipe mimi."

Mama alikuwa ameshika wembe kwa vidole viwili. Alimtazama mdogo wake, akautazama ule msumari mtupu ukutani. Nikaona anapiga moyo konde, nikasema moyoni, leo. Halafu akageuka akanipa mimi.

Mimi! Mimi sijachanja mkate tangu nizaliwe. Mjomba alinitazama, akausukuma mkono wake mbele kidogo, kiganja wazi.  Nami sikufikiri mara mbili. Niligeuza kijiti, nikamwelekezea upande wa mpini.

Mama akapiga ukelele. "Usimpe! Usimpe, atatuua!"

Sijui kama aliutaka ukelele ule. Nadhani ulimtoka tu, ukatoka kwenye ule mkono. Lakini ulisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Dirishani walikuwapo watu wanne watano wakingoja mkate wa moto, na wote wakarudi nyuma. Mmoja aliacha mwavuli wake.

Mjomba aliurudisha mkono wake nyuma ya mgongo, akaushika kwa ule mwingine. Hakuna aliyesogea. Tukasimama hivyo watatu, mimi na wembe wangu, tukitazama mikate ikizidi kupanda, ikitetemeka juu, kisha ikianza kushuka na kusinyaa, trei moja baada ya nyingine. Mjomba akazichukua trei, akakwangua unga wote kwenye ndoo, akaziosha, akazipanga. Alipomaliza kupanga akasema, "Nirudisheni kule."

"Wapi?" Mama akauliza, ingawa alijua.

"Hospitali. Kule wote ni wagonjwa, na mimi ni mwokaji mikate. Hapa mgonjwa ni mimi tu."

Asubuhi yake alikuwa amekaa mlangoni na begi lake. Mama alikubali kwa kuwa hakuwa na uso wa kukataa. Hospitalini daktari alimpima, akamwuliza maswali, akacheka kwa upole na kusema huyu ni mzima, mzima kabisa, vitanda ni vya wagonjwa. Tulipotoka tulimkuta Bwana Rudisha kwenye ukumbi.

"Mama, uliniahidi," akasema.

Mama aliutoa mkono ndani ya mtandio akamfungulia kiganja usoni. "Na huu je, nani aliuahidi kitu?"

Yule bwana alilitazama kovu lote, toka mwanzo mpaka mwisho. Baadaye akasema waanze kidogo kidogo, achanje trei moja tu, Mama akiwa amesimama mlangoni. Mama akaitikia kwa kichwa. Njiani Mjomba alimwuliza, "Kesho, Dada?" naye akajibu, "Kesho," na nadhani aliposema hivyo alimaanisha.

Kesho yake Mjomba aliita, "Dada, tayari," na Mama akaja, akachanja mwenyewe, akafunga, akaondoka.

Tangu hapo Mjomba akawa mtulivu kuliko wakati wowote. Hakuomba tena. Kila asubuhi Mama alimletea vidonge na glasi ya maji tanurini, naye alivitia mdomoni, akanywa maji yote, akamrudishia glasi na kusema asante. Mama aliniambia, "Unaona? Amezoea." Nami, kwa uchovu tu, nilitaka kuamini.

Kisha akaacha kulala. Kisha akaacha ukoko. Siku niliyomkuta ameinama juu ya trei na sikio lake liko karibu na unga, safari hii sikutania. Nilimkimbilia Mama. Lakini tulikuwa tumechelewa, maana alishafika kule anakokwenda. Hakuwa na wembe, akairarua mikate kwa kucha, akakimbilia barabarani mikono imejaa unga mbichi, akiwaambia wapita njia wawapepee hao watu, wawapepee. Majirani walimshika. Walimfunga kwa kamba za magunia yetu ya unga, na wateja wake, wale waliokuwa wakimwita Bwana Tatu, walisaidia kukaza fundo. Hospitalini safari hii hawakuuliza swali. Walimpokea.

Nilipokuwa nasafisha tanuri nilichukua kopo la zamani la hamira lililokuwa nyuma ya rafu, nikalitikisa. Lililia. Nikalifungua nikakuta vidonge, vyeupe na vya manjano, vimeshikana kwa unyevu, kopo zima karibu lijae. Nilielewa papo hapo. Alikuwa akivibana shavuni, anakunywa maji, anasema asante, kisha anavitema. Walimwambia vitanda ni vya wagonjwa, akaenda kujitafutia ugonjwa.

Nikampelekea Mama kopo. Alilitazama ndani.

"Alijua anachofanya," nikasema. Nilitaka imuume.

"Alijua," Mama akasema. Akakaa chini palepale kwenye vumbi la unga, akashika tama. "Alitaka kazi tu, maskini. Alitaka kazi."

Akaingiza mkono shingoni, akauvuta ule uzi mpaka ukakatika.

Siku ya kuwatazama wagonjwa tulikwenda. Mama alikuwa amebadilisha wembe kwenye kijiti kwa mkono wake mwenyewe, sijui alitumia muda gani, akaufunga ndani ya kitambaa safi na kukishika kifuani njia nzima. Getini mlinzi alikagua mikoba. Alipofungua kile kitambaa akamtazama Mama kama mtu anayetafuta namna ya kusema.

"Mama yangu, kitu kama hiki hakiingii humu."

"Ni cha mdogo wangu," Mama akasema. "Ni mwokaji mikate."

"Namjua, Mama. Hakiingii."

Tukakiacha kwa mlinzi, kwenye droo yake. Mjomba tulimkuta karakanani, kwenye beseni, anaosha trei. Alikuwa amekonda, na mikono ilitetemeka kiasi kwamba trei zilikuwa zikigongana ndani ya maji. Ubaoni wembe wake ulining'inia juu ya umbo lake jekundu. Bwana Rudisha alitujia, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba safari hii dawa zinachelewa kumshika, kwamba wameanza upya tangu kwenye trei, na kwamba huenda asifike tena kwenye wembe. Hakutulaumu. Ningependa angetulaumu.

Mama alimsogelea Mjomba, akasimama kando yake, akauweka mkono wake mbovu juu ya bega lake. Tangu siku ile ya damu hakuwahi kumgusa kwa mkono huo.

"Mdogo wangu," akasema, "nimekuletea wembe wako. Uko getini. Twende nyumbani ukachanje, mimi sitasimama hata mlangoni."

Mjomba aliendelea kuosha. Nilidhani hakusikia. Aliisuuza trei, akaigeuza, akaitazama kama imetakata, akaipanga juu ya zingine. Ndipo alipoinua uso akamtazama dada yake, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto asilie.

"Kesho, Dada," akasema, akachukua trei nyingine.